Minyoo ya kichocho hutofautiana hata maabara

Kichocho cha tumbo husababishwa na minyoo iitwayo Schistosoma mansoni. Mabuu yake hutoka ndani ya konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kuvua au kufua ziwani.

Ili kuichunguza, watafiti huifuga kwa kuipitisha katika konokono na panya, kizazi hadi kizazi. Yaweza kudhaniwa kuwa ukoo uliofugwa hivyo kwa miongo mingi una minyoo inayofanana. Sivyo.

Mwaka 2021, watafiti wa taasisi ya Texas Biomedical, Marekani, walieleza kwamba katika ukoo mmoja wenye asili ya Brazil, minyoo inayouawa na dawa ya prazikwanteli iliishi pamoja na ile inayoistahimili. Tofauti hiyo ilitokana na jeni moja, iliyopewa jina la TRPM-PZQ.

Prazikwanteli ndiyo tegemeo kuu la tiba ya kichocho, pamoja na maeneo ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo, jaribio la dawa lisiloangalia vinasaba vya minyoo laweza kupotosha. Aidha, kuipima jeni hiyo kwa minyoo ya wagonjwa kunaweza kufichua usugu kabla haujaenea.