Kuhuisha Chombo Kikuukuu

Somo letu la leo ni habari za vyombo vya pwani.

Katika karne ya 1 mfanya biashara wa Misri aliandika kwa Kiyunani habari za Rhapta, bandari ya Afrika ya Mashariki. Asema jina hilo latokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mtepe nao ulikuwa wa jamaa hiyo: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Kamba huoza, basi mtepe ulifumuliwa ukashonwa tena. Wazee wetu hawakutupa chombo kwa sababu ya uchakavu.

Baadaye vyombo vya misumari viliushinda mtepe, lakini kazi haikwisha. Bagamoyo ya karne ya 19 ilipeleka pembe za ndovu Unguja kwa majahazi, na kila jahazi lilihitaji kutengenezwa. Lilipwelezwa ufukweni, mafundi wakatia kalafati ya pamba na mafuta katika nyufa, wakapaka chini deheni ya shahamu na chokaa, kuzuia wadudu watoboao mbao.

Basi wewe utakaye kununua mashua kuukuu, usidanganywe na rangi mpya. Chokoa viungo kwa kisu, gonga mbao za karibu na mkuku, tazama misumari iliyoliwa na kutu. Rangi huficha ubovu; bahari huufichua, nawe uko mbali na nchi kavu.

Zungumzeni kikundini: ni fundi gani kwenu ajuaye kalafati, na nani anajifunza kwake?