Bustani ya Picha za Harusi Pale Posta: Mnajua Ilianzaje?

Haya wanangu wa mjini, leo tuwaache kidogo wale wawili walioachana wiki hii. Nina ubuyu wa zamani zaidi, wa tangu 1893.

Jumamosi nilimsindikiza shosti yangu kutafuta sehemu ya kupiga picha za harusi yake. Fukwe keshazichoka, hoteli hela hamna. Tukashuka Posta, tukapita Mnara wa Askari, tukanyoosha na Samora mpaka mwisho. Pale jirani na Makumbusho ya Taifa ndo ipo Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam. Bahari iko hapo hapo nyuma, upepo unakupiga mpaka wigi unalishika kwa mkono. Jiji lote linapiga honi, wewe uko kwenye kivuli unasikia ndege tu.

Kwanza tuongelee mnazi wa Shelisheli. Nyie, ile nazi! Ndo mbegu kubwa kuliko zote duniani, inaweza kufika kilo 25. Umbo lake sitalielezea hapa, mama yangu anasoma hii blogu, nendeni mkaitafute wenyewe. Kwa asili unaota kwenye visiwa viwili tu vya Shelisheli, Praslin na Curieuse. Zamani mabaharia walikuwa wanaziokota zile nazi zikielea, hawajui zimetoka wapi, wakaamini kuna mti unaota chini ya maji. Ndo maana ikaitwa nazi ya bahari. Halafu mti wa kiume mbalimbali na wa kike, na unakua taratibu mno, unaweza ukasubiri tunda la kwanza miaka 25 na zaidi. Aliyepanda hapandi kwa ajili yake.

Sasa swali likanijia: huyu mgeni kaletwa na nani, na wa nini?

Nikarudi nyumbani nikasoma. Kumbe bustani ile haikuanzishwa ili watu wapunge upepo. Wajerumani waliianzisha 1893 kama shamba la majaribio. Walikuwa wanataka kujua mazao gani ya biashara yatakubali udongo na jua letu, ili koloni liwaletee faida. Msimamizi alikuwa Profesa Franz Stuhlmann, mkuu wa kwanza wa kilimo wa serikali ile. Yaani pale tunapokaa kwenye nyasi tunapiga selfi palikuwa ofisi ya biashara yenye majani.

Na mwaka huo huo wa 1893, huko Tanga, Mjerumani mwingine anaitwa Richard Hindorf aliingiza mkonge. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai? 62. Sitini na mbili tu, wanangu! Hiyo ndo ikazaa mashamba yote ya mkonge mnayoyaona mkienda Tanga, na kufikia miaka ya 1960 tulikuwa vinara wa mkonge duniani. Mmea mmoja ukikubali, historia ya nchi nzima inageuka.

Lakini kuna upande ambao hauna maua. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba. Huna hela, unaenda kufanya kibarua. Halafu ikaja pamba. Kusini watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya serikali, malipo kiduchu, shamba lako la chakula linabaki pori. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakaenda wakang'oa ile miche. Fikiria, vita ya Maji Maji ilianza na watu kung'oa mmea! Makadirio ya chini ya waliokufa ni 75,000, wengine wanataja mpaka 300,000, na wengi waliuawa na njaa baada ya vyakula kuchomwa. Shuleni nilikariri tarehe nikafaulu swali, lakini hakuna aliyeniambia kwamba pamba, mkonge na ile bustani ya mjini vilitoka kwenye mpango mmoja.

Mwaka 1902, Wajerumani walifungua kituo kikubwa cha utafiti Amani, milima ya Usambara, na kazi nzito ikahamia huko. Ya Dar ikabaki ya kupumzikia. Mji nao ukaanza kuimega, na ilipo leo ni kipande tu cha iliyokuwepo. Ukisimama katikati unayaona majengo yameizunguka pande zote.

Kinachonikera mimi ni kitu kimoja. Jina la profesa lipo. La Hindorf lipo. Ila kuna mtu alichimba lile shimo, kuna mtu alibeba maji kwenye jua la Dar kila siku ili mche wa mgeni usife. Huyo nimemtafuta kwenye kila nilichosoma, hayupo. Hata Mnara wa Askari, pamoja na kwamba unawakumbuka askari na wapagazi wa vita, una sanamu ya mtu mmoja asiye na jina. Wa bustani hata sanamu hawana.

Mwisho wa siku shosti kachagua kupigia picha chini ya mkrismasi, ule mti wa maua mekundu ya Desemba. Nikamwambia huo nao siyo wa kwetu, asili yake Madagaska. Akanijibu, "Na shela langu la China, kwani nani kauliza?"

Sasa kama babu au bibi yako aliwahi kufanya kibarua pale bustanini, niandikie jina lake hapo chini. Nitaliweka juu kabisa ya posti hii, juu ya la profesa.