Sala kwa Ajili ya Watawala na Nafasi ya Mwanasiasa Ibadani

Maombi kwa ajili ya watawala yamo katika ibada ya Kikristo tangu mwanzo. Waraka wa Kwanza kwa Timotheo (2:1–2) unaagiza dua kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, na Klementi wa Roma, akiwaandikia Wakorintho mwishoni mwa karne ya 1, anawaombea watawala afya na amani. Watawala hao walikuwa wapagani, tena dola yao iliwahi kuwaua Wakristo. Mnamo mwaka 197 hivi, Tertuliani wa Karthago aliitetea desturi hiyo kwa hoja moja kali: Wakristo humwombea kaisari kwa Mungu, lakini hawamwombi kaisari. Anayeombewa ni mhitaji. Hivyo sala hii, kwa asili yake, humweka mtawala katika safu moja na wagonjwa na wasafiri.

Makanisa yenye liturujia yameilinda maana hiyo kwa utaratibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliporudisha sala ya waamini mwaka 1963, uliwataja wenye mamlaka pamoja na wenye shida. Msomaji huyatamka maombi yaleyale, rais awe ameketi benchi la mbele au yuko Ikulu. Hata hivyo, maneno yaliyoandikwa hayamalizi tatizo. Kitabu cha sala cha Waanglikana kilimtaja mfalme wa Uingereza kwa jina, na tarehe 4 Julai 1776, Marekani ilipojitangazia uhuru, wazee wa kanisa la Christ Church, Philadelphia, waliamua maombi hayo yaachwe. Kumtaja George III kungekuwa kutangaza utii kwake. Kitabu kipya cha mwaka 1789 kikaweka sala kwa ajili ya rais.

Nchini Kenya ugumu hauko sana katika maneno ya sala. Uko katika mpangilio wa Jumapili yenyewe. Mwanasiasa hufika na msafara, huketishwa mbele, huitwa asalimie waumini, hutoa mchango wa ujenzi, kisha wachungaji humzunguka na kumwekea mikono huku kamera zikimulika. Kila tendo peke yake lina utetezi wake. Yakifuatana hivyo, sala hugeuka risiti ya mchango.

Wanaotetea kuwekea mikono husema kiongozi naye ni muumini. Ni kweli, ila muumini wa kawaida haombewi mbele ya wanahabari. Uzito huongezeka wakati wa kampeni: kumwombea mgombea mmoja ashinde ni kumpigia debe, hata chama kisipotajwa. Kumwombea aliyekwisha kuchaguliwa ni jambo jingine, maana sala hiyo huwahusu hata waliomnyima kura.

Tarehe 12 Septemba 2021 huko Butere, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke wa kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipiga marufuku siasa mimbarini, wanasiasa Raila Odinga na Musalia Mudavadi wakiwapo. Wanasiasa walikaribishwa kuabudu, si kuhutubia. Katazo hilo halikugusa fedha kwa uzito uleule. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikwenda mbali zaidi: Askofu Mkuu Philip Anyolo alikataa shilingi milioni 2.6 ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, pamoja na ahadi ya nyingine milioni 3. Maombi kwa ajili ya wenye mamlaka hayakuondolewa katika misa.