Kuacha sigara katika Goma: hamu inapita, wewe unabaki

Kuko watu wengi katika Goma wanaotaka kuacha sigara. Wanasema Jumatatu, na Jumatatu inapita. Wanasema mwezi ukianza, na mwezi unaanza sigara ikiwa kinywani. Hii haitoki kwa ujinga wala kwa uvivu. Makala hii inaeleza kitu gani kinamshika mvutaji, mwili unapata nini akiacha, na njia zipi zinaweza kumsaidia mtu anayeishi hapa kwetu, kati ya vumbi, mawazo na pesa ngumu. Isome mwenyewe, ao umsomee jirani.

Kinachokushika ni nini?

Ndani ya tumbaku kuko nikotini. Ukivuta, inafika katika ubongo kwa sekunde 10 mpaka 20 tu, na kule inaleta raha ndogo. Raha hiyo haidumu. Baada ya saa mbili hivi, nusu ya nikotini imekwisha kutoka katika damu, na ubongo unaanza kudai. Mkono unatafuta paketi, roho inakuwa nyepesi kukasirika, kazi haishikiki. Ukiwasha ingine, unatulia, na mzunguko unaanza upya.

Nikotini njo inakufunga, lakini moshi njo unaua zaidi. Ndani yake kuko lami inayobaki katika mapafu, na gesi ya karbon monoksidi. Gesi hiyo tunaijua vizuri: ni ileile ya mbabula ya makala, inayoua watu waliolala na moto ndani ya nyumba iliyofungwa. Mvutaji anaimeza kidogo kidogo kila siku. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani. Kati yao, zaidi ya milioni 1 hawakuvuta wenyewe. Walikaa tu karibu na moshi wa wengine.

Hesabu hii inagusa shisha pia. Maji ya shisha yanapoza moshi, hayausafishi. Na mama mzee anayetumia ugoro puani, yeye pia anafungwa na nikotini ileile, hata kama hakuna moshi.

"Sigara njo inanipunguziaka mawazo." Ni kweli?

Neno hili tunalisikia kila mahali, kwa motari, kwa askari, kwa mwalimu asiyelipwa, kwa mama aliyekimbia kijiji chake. Hakuna mtu wa kuwacheka. Mji huu umeona Nyiragongo ikilipuka Mei 2021, umeona vita vya Januari 2025, na nyumba nyingi zina msiba ambao haujaisha kulilia.

Lakini tuangalie vizuri kile kinachotulizwa. Ile njaa ya nikotini imeletwa na sigara ya kwanza, na sigara ya pili inaipooza kwa muda. Ni sawa na mtu anayechukua pesa mfukoni mwako, anakukopesha pesa hiyohiyo, halafu anakudai faida. Mawazo ya vita, ya kodi ya nyumba na ya masomo ya watoto yanabaki palepale, na juu yake umeongeza deni la nikotini.

Mwaka 2014 watafiti walikusanya matokeo ya uchunguzi 26 uliofuatilia watu kabla na baada ya kuacha. Waliona kwamba walioacha walikuwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko walioendelea kuvuta, hata kati ya watu wenye ugonjwa wa akili. Siku za kwanza ni ngumu, ndiyo. Baada ya majuma machache roho inapata utulivu ambao sigara haikuwa inaweza kuleta.

Mwili unapata nini, na lini?

Hii ndiyo habari nzuri, kwa sababu mwili haungoji mwaka uishe:

- Baada ya dakika 20, mapigo ya moyo yanaanza kushuka.
- Baada ya saa 12, karbon monoksidi katika damu inarudi kwa kiasi cha kawaida.
- Kati ya majuma 2 na miezi 3, damu inatembea vizuri zaidi na mapafu yanapata nguvu. Kupanda na mzigo hakukukati pumzi sawa vile zamani.
- Kati ya mwezi 1 na miezi 9, kikohozi na kuhema vinapungua.
- Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inabaki karibu nusu ya ile ya mtu anayevuta.
- Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu inashuka mpaka karibu nusu.

Kuko na kifua kikuu pia. Kuvuta kunaongeza hatari ya kushikwa na ugonjwa huo na hatari ya kufa nao, na hapa kwetu watu wanalala wengi katika chumba kimoja. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, usiseme "ni sigara tu". Nenda kwenye kituo cha afya upimwe. Matibabu ya kifua kikuu katika Congo ni ya bure.

Kabla ya siku yenyewe

Chagua tarehe katika majuma mawili yanayokuja, na uiandike. Kuko wanaokata siku moja, kuko wanaopunguza kwanza. Njia zote mbili zinaweza kufika, lakini anayepunguza bila tarehe mara nyingi anapunguza mpaka anarudi palepale.

Kwa siku tatu, andika kila sigara kwa karatasi: saa ngapi, ulikuwa wapi, na nani, kwa nini. Utaona kwamba si zote zina nguvu sawa. Kuko ile ya asubuhi na kahawa, ile ya kungoja wateja, ile ya usiku wakati usingizi umekataa. Hizo ndizo utapangia mpango.

Halafu fanya hesabu. Sigara 10 kwa siku ni 300 kwa mwezi, na ni 3,650 kwa mwaka. Zidisha na bei ya ligablo lako. Andika chini jina la kitu ambacho pesa hiyo ingefanya: masomo, bati, likelemba. Siku ukiacha, weka pesa ya kila siku ndani ya kopo mahali unapoliona. Kopo linalojaa linasema zaidi kuliko mahubiri.

Mwisho, ambia mtu mmoja. Hili ni gumu kwa wengi, kwa sababu makanisa mengi ya kwetu yanakataza sigara, na mama ao dada anayevuta anasemwa vibaya. Kwa hiyo watu wanavuta kwa kujificha, na anayejificha anakosa wa kumsaidia. Si lazima uambie watu wote. Mmoja tu anayejua kufunga mdomo anatosha.

Hamu ikija, fanya hivi

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: hamu moja inadumu dakika 3 mpaka 5 hivi, halafu inashuka, uvute ao usivute. Siku mbili tatu za kwanza hamu inakuja mara nyingi na kwa nguvu. Baada ya majuma mawili mpaka manne inapungua sana. Hakuna mtu anayekuomba kushindana na mwaka mzima. Unashindana na dakika tano.

1. Chelewesha. Angalia saa. Sema: sitawasha mpaka dakika tano ziishe. Zikiisha, ongeza ingine tano.
2. Pumua. Vuta hewa polepole kwa pua, ishike kidogo, itoe polepole kwa mdomo. Mara kumi. Sehemu ya utulivu uliodhani unatoka kwa sigara ilikuwa inatoka kwa pumzi hii ndefu.
3. Kunywa maji. Kidogo kidogo, si kwa haraka.
4. Ondoka, fanya kingine. Futa moto yako, osha vyombo, pigia mtu simu, tembea mpaka kona. Mdomo ukidai kitu, tafuna karanga, muwa ao kipande cha tangawizi.

Katika siku hizi unaweza kukasirika bure, kukosa usingizi, kusikia njaa, kukohoa zaidi kidogo. Ni dalili za mwili unaojizoesha, na zinapita. Wengi wanaongezeka kilo chache. Mboga, matunda na kutembea vinasaidia. Na kama unakunywa kahawa nyingi, punguza nusu. Mwili wa mtu asiyevuta unaondoa kafeini polepole zaidi, kwa hiyo vikombe vilevile vya zamani vitakutetemesha mikono na kukunyima usingizi, na utadhani ni kukosa sigara.

Mitego ya hapa kwetu

*Ligablo.* Sigara inauzwa moja-moja, na hii njo mtego mkubwa. Mtu hahitaji kununua paketi ili arudi. Faranga kidogo zinatosha. Uganda ilikataza kuuza sigara moja-moja katika sheria yake ya 2015, lakini hapa mlango uko wazi, kwa hiyo ujifungie mwenyewe. Badilisha njia kwa majuma ya kwanza. Ao zungumza na muuzaji wako: "Mama, hata nikikuomba, usinipatie." Wauzaji wengi watacheka, lakini watakukumbusha.

*Kituo cha moto.* Kungoja wateja ni saa ya sigara. Mwenzako akikupa, jibu fupi linatosha: "Asante, niliacha." Ukisema "leo sivuti", atarudi kesho. Kama kuko mwingine hapo anayetaka kuacha, mkubaliane tarehe moja. Wawili wanalindana.

*Nganda.* Primus na sigara ni marafiki wa zamani, na pombe inalegeza ahadi. Kwa mwezi wa kwanza, heri kukaa mbali, ao kunywa kitu kisicho na pombe na kuondoka mapema.

*Usiku wa mawazo.* Umeme umekatika, mlio umesikika mbali, usingizi umekimbia. Panga mapema utafanya nini: maji karibu na kitanda, redio kwa sauti ndogo, sala, ile pumzi ndefu. Lakini kama kila usiku unaona tena yale uliyoyaona, unashtuka, unalia bila sababu, hapo tatizo ni kubwa kuliko sigara, na kuko waganga wake. Uliza kwenye kituo chako cha afya, ao fika kwenye kituo cha afya ya akili Tulizo Letu, hapa Goma. Kwenda huko si wazimu.

Dawa ziko?

Ziko. Kuko chingamu na plasta za nikotini, ambazo OMS iliziweka katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009. Zinampa mwili nikotini kidogo bila moshi, na zinapunguzwa polepole. Kuko pia vidonge viwili, bupropioni na vareniklini, vilivyoongezwa mwaka 2021. Hivyo vinahitaji daktari. Uliza farmasi kubwa ao hospitali, na usinunue dawa isiyo na paketi yake. Mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa moyo ao kifafa amuone muganga kwanza.

Ukizikosa, usikate tamaa. Duniani, watu wengi zaidi walioacha waliacha bila dawa yoyote. Na mazungumzo mafupi na muganga yanaongeza nafasi ya kufaulu, kwa hiyo siku ukienda kwa sababu nyingine, mwambie: "Ninataka kuacha sigara."

Na nikianguka?

Wengi wanajaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Sigara moja uliyovuta kwenye kilio cha ndugu haifuti siku ishirini ulizoshinda. Hatari ni ile sauti inayosema: "Basi, nimekwisha haribu, nimalize paketi." Usiisikilize. Tupa iliyobaki, jiulize ni mtego gani ulikushika, panga jibu lake, na uendelee siku ileile.

Kwa mke, mume, watoto na marafiki

Usimtukane na usimchunguze mifuko. Katika majuma mawili ya kwanza atakuwa mkali, mwachieni nafasi. Muulize "leo ilikuwa namna gani?" kuliko "umevuta?" Kama wewe pia unavuta, usiwashe mbele yake, na usimtume mtoto kununua. Kama mtu wa nyumba bado hajaacha, moshi ubaki nje kabisa, mbali na mama mwenye mimba na watoto wadogo. Moshi huo unaongezea watoto homa ya mapafu, na mimba inaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Siku ya dunia ya kupinga tumbaku ni tarehe 31 Mei. Kama unapenda tarehe kubwa, chukua hiyo. Lakini tarehe yako mwenyewe, iliyoandikwa kwa karatasi na kujulikana na mtu mmoja unayemwamini, ina nguvu sawa. Na kama hamu imekuja ukiwa unasoma haya, angalia saa: pengine dakika zake tano zimekwisha kupita.