Udongo Mwekundu na Jiwe la Kijani



Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu: Udongo mwekundu wafaa nini? Wa kwanza akasema wafaa kufyatulia matofali. Wa pili akasema hutandazwa barabarani kabla ya mvua. Wa tatu, kijana mkimya wa nyuma, akasema kwamba kwao kuna kilima chekundu kisichofaa kitu, wala mtama haumei juu yake. Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka, maana palikuwa na vilima vya namna hiyo katika kisiwa kimoja cha mbali, navyo vimeubadili ulimwengu wa watu wake kwa heri na kwa shari. Habari za kisiwa hicho ndizo nitakazozisimulia leo.

Kisiwa chenyewe ni Kaledonia Mpya, katika bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia. Urefu wake wapata maili 250, na upana wake maili 30 hivi. Nahodha James Cook, Mwingereza, alikiona mwaka 1774 akakipa jina hilo. Lakini wenyeji wake, Wakanak, walikuwa wamekaa humo tangu kale, wakilima viazi vikuu na majimbi, na kuyaongoza maji ya milimani kwa mifereji. Mwaka 1853 Wafaransa walitweka bendera yao, na tangu mwaka 1864 wakapafanya mahali pa kupeleka wafungwa.

Kabla hatujaendelea, yatupasa kuujua udongo wenyewe. Mwaka 1807 Francis Buchanan, tabibu Mskochi aliyesafiri katika nchi ya Malabar huko Bara Hindi, alieleza habari za udongo mwekundu ambao wenyeji waliukata ungali laini, nao ukiisha kupigwa na jua na upepo huwa mgumu kama tofali. Akauita lateriti, kwa neno la Kilatini lenye maana ya tofali. Udongo huo huzaliwa na mwamba. Mvua ya nchi za joto huchukua ukali kidogo kutoka hewani na katika majani yaliyooza, ikapenya mwambani miaka maelfu kwa maelfu, ikiyayeyusha baadhi ya yaliyomo na kuyapeleka mtoni. Kilicho kizito kuyeyuka hubaki. Chuma hubaki, kikashika kutu. Ndiyo sababu ya wekundu.

Basi msikimbilie majembe! Si kila udongo mwekundu una nikeli. Mtoto hurithi alicho nacho mzazi: mwamba usio na nikeli huzaa lateriti isiyo na nikeli, hata ikiwa nyekundu kama damu. Kaledonia Mpya ina mwamba uitwao peridotiti, mzito, wenye rangi ya kijani iliyofifia, uliotoka chini sana ardhini, nao umefunika kama theluthi ya kisiwa kikubwa. Mwamba huo una nikeli sehemu mbili au tatu tu katika elfu moja, kiasi kisichomfaa mtu. Lakini mvua imefanya kazi ya mpepetaji. Juu imeacha udongo wa chuma wenye nikeli kama sehemu moja katika mia. Nikeli nyingine imeshuka pamoja na maji mpaka kwenye mwamba uliooza nusu, ikanasa humo, ikafika sehemu mbili, tatu, na penye nyufa zaidi sana.

Nikeli yenyewe ni madini meupe kama fedha, yasiyoshika kutu upesi. Jina lake ni la matukano. Wachimbaji wa Ujerumani zamani walipata jiwe lenye rangi ya shaba, wakaliyeyusha, wasipate shaba hata chembe, bali moshi wenye sumu. Wakaliita shaba ya kijini, kana kwamba pepo amewachezea. Mwaka 1751 Axel Cronstedt wa Uswidi ndiye aliyeonyesha kwamba ndani ya jiwe la namna hiyo mna madini mengine kabisa, naye akayaachia jina lile la kijini.

Mwishoni mwa mwaka 1863 alifika kisiwani kijana wa miaka 24, Jules Garnier, fundi wa elimu ya madini, ametumwa na serikali ya Ufaransa. Alizunguka kwa miguu na kwa mashua. Mwaka 1864, karibu na mto Dumbéa, aliona mawe yenye ganda la kijani. Wengi walikuwa wamepita mbele ya mawe kama hayo. Yeye aliyachukua yakapimwa, ikaonekana yana nikeli. Akaandika habari zake mwaka 1867. Hakuna aliyeruka kwa furaha, kwa kuwa siku hizo nikeli haikuwa na kazi nyingi. Ilikuwa mpaka Ujerumani ilipoanza mwaka 1873 kupiga sarafu ndogo zenye nikeli ndipo bei ilipopanda, na watu wakaanza kukimbilia milima ya kijani. Mwaka 1874 W. B. Clarke, kasisi wa Sydney aliyekuwa pia mjuzi wa mawe, akaliita jiwe lile garnieriti, kwa kumheshimu Garnier. Mwaka 1880 Garnier, pamoja na mfanyabiashara John Higginson na Henri Marbeau, waliunda kampuni iitwayo Le Nickel. Mji wa Thio, pwani ya mashariki, ukawa kitovu cha machimbo. Miaka michache baadaye mafundi walijua kwamba nikeli kidogo ikichanganywa na chuma cha pua hukifanya kiwe kigumu kuliko kawaida, na wenye manowari wakaitaka kwa pupa.

Sasa nitaeleza jinsi nikeli itafutwavyo katika udongo kama huo, maana hapa ndipo penye akili. Wachimbaji wa kwanza waliufuata mshipa wa kijani kwa sururu, wakachukua mawe yenye sehemu kumi katika mia au zaidi, na yaliyosalia wakayatupa bondeni. Mtafutaji wa baadaye hawezi kutegemea macho tu, kwa sababu nikeli iliyo nyingi imejificha katika udongo ambao hauna kijani chochote. Kwanza hutafuta mwamba mzazi. Kisha huangalia umbo la nchi: penye mteremko mkali mvua huuchukua udongo kabla haujanenepa, penye uwanda wa juu, au bega la mlima lililolala kidogo, udongo hukaa, pengine kwa kina cha futi mia. Ndipo hupima viwanja kwa kamba kama shamba la mkonge, na penye kila njia panda huchimba shimo au hutoboa kwa keekee. Kila futi chache hutia udongo katika mfuko wake na kuandika namba.

Kazi hii yaonekana nyepesi, kumbe ina mitego. Wa kwanza: keekee hugonga jiwe, mtu husema, Nimefika mwambani, akaondoka. Lakini mwamba hauozi sawasawa. Huacha mawe makubwa yakielea ndani ya udongo kama viazi ndani ya mchuzi, na chini ya jiwe lile yaweza kuwamo nikeli iliyo bora kuliko yote. Kwa hiyo mtu mwangalifu hutoboa zaidi mpaka awe na hakika. Wa pili: udongo wa juu humomonyoka ukaangukia shimoni na kuchanganyika na wa chini, hata hesabu ikawa ya uongo. Wa tatu ni maji. Udongo huu unaweza kuwa na theluthi yake maji. Mtu akiupima mbichi na kuuhesabu kama mkavu, atauza maji kwa jina la nikeli. Ipo na dawa ya kujaribia, iliyogunduliwa na Mrusi Lev Chugaev mwaka 1905: ikitiwa pamoja na amonia penye nikeli, hugeuka rangi ya waridi. Mimi huona ni jambo la kupendeza kwamba jiwe la kijani hujitangaza kwa uwaridi.

Upo hata mti unaojua kazi hii. Katika misitu ya Kaledonia Mpya umo mti ambao ukikatwa gome hutoa utomvu wa rangi ya samawati na kijani, na utomvu huo ukikaushwa, karibu robo yake ni nikeli. Miti mingine mingi haiwezi kustawi juu ya udongo ule. Basi yule mwanafunzi wangu mkimya alikuwa amesema neno la maana bila kujua.

Na Wakanak? Wako watu wasemao kwamba nikeli ndiyo iliyoleta vita ya mwaka 1878. Nionavyo mimi si hivyo hasa. Kilicholeta vita ni ng'ombe wa walowezi waliokanyaga mashamba ya viazi, na ardhi iliyotwaliwa. Inasimuliwa kwamba mfalme Ataï alimwaga mbele ya gavana mfuko wa udongo mzuri, kisha mfuko wa mawe, amwonyeshe walichokuwa nacho watu wake na walichoachiwa. Aliuawa mwaka huohuo, na kichwa chake kikapelekwa Ufaransa. Fuvu lake halikurudishwa kwa watu wake mpaka mwaka 2014. Baada ya vita Wakanak walisukumwa katika sehemu walizotengewa, na tangu mwaka 1887 mpaka 1946 hawakuweza kutoka humo bila ruhusa. Kazi ya machimbo ilifanywa na wafungwa waliokodishwa, kisha na vibarua wa mkataba: watu wa Tonkin mwaka 1891, Wajapani mwaka 1892, Wajava mwaka 1896. Udongo uliochimbwa milimani ulishuka na mvua, mito ikawa myekundu, na mchanga wa machimbo ukafunika mashamba ya majimbi yaliyokuwa chini. Kwa hiyo nikeli haikuianza dhuluma, lakini iliikuta nyumbani ikakaribishwa.

Nasi huku twahusikaje? Huko Burundi, penye vilima vya Musongati, lateriti ya namna hiihii ilitambuliwa katika miaka ya 1970, juu ya mwamba wa ukoo uleule wa peridotiti. Anayekaa karibu na vilima vile ana haki ya kujua yaliyowapata wenzake wa Pasifiki.

Wenzake hao hawakukaa kimya. Mwaka 1998, baada ya miaka ya ugomvi na damu, jimbo la kaskazini linaloongozwa na Wakanak lilipata haki ya mlima wa Koniambo, pamoja na sehemu 51 katika mia za kiwanda ambacho kingejengwa chini yake. Kiwanda kilitoa nikeli ya kwanza mwaka 2013. Lakini mtambo ulikuwa na matatizo, deni likapanda, na nikeli ya bei nafuu kutoka Indonesia, iliyochimbwa pia katika lateriti, ikajaza masoko. Mwaka 2024 kampuni iliyoshika zile sehemu 49 ilikata msaada wake wa fedha. Tanuri zikazimwa mwaka huohuo, na wafanyakazi zaidi ya elfu wakapoteza kazi, mlima wao ukiwa ungali umejaa.