Msanifu Hakuhama, Ukurasa Ndio Uliohama

Ukikaa na vijana wa kompyuta hutakosa kusikia wakigawana vyeo. Huyu ni mhandisi wa programu, yule ni msanifu tu. Hilo neno "tu" ndilo linalonikera. Linadai kwamba kuna ukuta kati ya anayepanga rangi na anayeandika programu, na kwamba aliyetoka upande mmoja kwenda wa pili amepanda daraja. Historia ya tovuti inasimulia mambo mengine kabisa.

Tuanze mwanzo. Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake pale CERN, Geneva, mwaka 1989, hakuhitaji msanifu. Alitaka wanasayansi wasomeane nyaraka, basi. Lugha yake ya HTML ilijua kichwa cha habari ni kipi, aya ni ipi na kiungo kinaelekea wapi. Mambo ya safu na mapambo hayakuihusu. Mwaka 1993 kivinjari cha Mosaic kikaanza kuonyesha picha katikati ya maandishi, na hapo ndipo watu wa matangazo, majarida na michoro walipopiga hodi.

Walikuja na mazoea ya karatasi. Sisi wa magazetini tunawajua watu hawa: msanifu kurasa anataka kila safu ikae alipoiweka, na picha ikisogea kidogo hakuna kwenda nyumbani. HTML haikumpa uwezo huo. Basi wakachukua majedwali, ambayo yalikusudiwa kubeba takwimu, wakayageuza kuwa safu za gazeti. Pale nafasi ilipogoma kukaa sawa waliingiza kipicha kisichoonekana cha pikseli 1 ili kiishikilie. Mwaka 1996 David Siegel alitoa kitabu kiitwacho Creating Killer Web Sites kilichozieneza mbinu hizo.

Hebu tuangalie hapo. Mtu aliyejiita mchoraji alikuwa tayari anaandika msimbo kwa mkono, anaujaribu kwenye Netscape, kisha kwenye Internet Explorer, kwa sababu kilichonyooka huku kilipinda kule. Kutafuta kosa, kulirekebisha na kujaribu tena ni uhandisi, hata kama kwenye kadi yake ya kazi kumeandikwa msanifu.

Dawa ya vurugu hiyo ilikuwepo. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza CSS, lugha ya kutenganisha maandishi na mwonekano wake, na Desemba 1996 ikapitishwa rasmi. Lakini kila kampuni ya vivinjari iliitekeleza kivyake. Mwaka 1998 Jeffrey Zeldman, mtu aliyetokea kwenye uandishi wa matangazo, na wenzake walianzisha Web Standards Project kuzibana kampuni hizo zifuate kanuni moja. Aprili 2000 John Allsopp akaandika makala akiwaambia wasanifu waache kuulazimisha ukurasa wa tovuti uwe karatasi, kwani uzuri wake ni kule kujipinda kufuata kioo cha msomaji. Mwaka 2003 Dave Shea akaonyesha kwa vitendo: ukurasa mmoja wa HTML, wasanifu wengi, sura tofauti kabisa kwa kubadili CSS peke yake.

Wengine hawakuwa na subira hiyo. Walikwenda kwenye Flash, iliyowapa mwendo, sauti, herufi za kila aina na kila kitu kukaa mahali pake. Ilikuwa raha, lakini raha hiyo ilikuwa mali ya kampuni moja: Macromedia, kisha Adobe kuanzia mwaka 2005. Aprili 2010 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini simu za iPhone hazitaipokea. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe ikaacha rasmi kuihudumia.

Waliojua Flash walipatwa na nini? Hapa ndipo penye somo. Ndani ya Flash kulikuwa na lugha ya programu, ActionScript, ambayo ni ndugu wa JavaScript. Zote mbili zinafuata kanuni moja ya ECMAScript. Aliyeishika lugha hiyo aliweza kuvuka akiwa na mzigo wake kichwani. Aliyejua vitufe vya Flash peke yake alibaki na ujuzi wa vitufe visivyokuwepo tena.

Wakati huohuo ukurasa wenyewe ulikuwa unabadilika. JavaScript, aliyoitengeneza Brendan Eich kwa siku 10 mwaka 1995, ilidharauliwa kama kichezeo. Mwaka 2005 Google Maps ikaonyesha ramani inayovutwa na kusogea bila ukurasa kupakiwa upya. Mwaka 2006 John Resig akatoa jQuery, na ndani yake kuna jambo ambalo wengi hulipita: ilimwezesha mtu kushika sehemu yoyote ya ukurasa kwa kutumia maneno yaleyale ya CSS. Msanifu alikuta nusu ya sarufi anaijua tayari. Node.js ikaja mwaka 2009 ikiipeleka JavaScript kwenye seva, React ikatoka mwaka 2013, na ukurasa ukawa programu kamili.

Mfano mzuri wa safari hii ni Evan You. Alisoma sanaa katika chuo cha Colgate, Marekani, kisha usanifu na teknolojia huko Parsons, New York. Akafanya kazi kwenye kitengo cha ubunifu cha Google. Februari 2014 akatoa Vue, kiunzi cha kujengea programu za kwenye kivinjari, ambacho sasa kinatumika dunia nzima. Hata jina lake ni la macho: kwa Kifaransa maana yake ni mwonekano.

Kwa hiyo sikubali kwamba watu hawa walipanda daraja. Walibaki na swali lilelile la msanifu, kwamba yule anayetazama ataona nini na atafanya nini, wakalifuata kila lilikowapeleka.

Leo kuna mashine zinazoandika msimbo kwa kuelezwa kwa maneno tu, na safari hii hata mhandisi anaogopa kuitwa "tu". Swali la siku za Flash limerudi kwa wote wawili: katika yale unayoyajua, yapi ni ya chombo, na yapi ni ya kazi yenyewe?