Jicho la Fundi na Hesabu ya Mshahara

Tuseme nyundo imegonga nati iliyoshika kutu katika gereji moja ya Nairobi, na chembe mbili za chuma zikaruka. Moja imempata fundi, ya pili imempata mteja aliyekuwa pembeni akingoja gari lake. Kila mmoja amepoteza jicho. Mteja akithibitisha uzembe atadai mahakamani gharama za matibabu na, juu yake, fidia ya jumla kwa maumivu, mateso na kupungukiwa na raha ya maisha. Fundi amefungiwa mlango huo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wafanyakazi na mawakili wamezoea kuiita WIBA, kinamzuia kumshtaki mwajiri wake na kumtaka aridhike na kile ambacho sheria hiyo inatoa.

Inatoa nini? Jedwali lake la kwanza linakadiria kupotea kwa jicho zima kuwa ulemavu wa asilimia 30. Kifungu cha 30 kinachukua mapato ya miezi 96 kuwa msingi wa hesabu, chini ya viwango vya chini na vya juu ambavyo waziri anaweza kuweka. Ukizidisha, unapata mapato ya miezi 28.8. Fundi wa shilingi 20,000 kwa mwezi atahesabiwa shilingi 576,000. Meneja wake wa shilingi 200,000, akipofushwa na chembe kama ile ile, shilingi 5,760,000. Kwa upande wa kipato tofauti hiyo inaeleweka, kwa kuwa aliyekuwa akipata zaidi amepoteza zaidi. Lakini hesabu ni moja tu. Hakuna fungu la pili kwa ajili ya maumivu, kwa hiyo ama maumivu hayakulipwa kabisa, ama yamelipwa kwa kipimo cha mshahara. Nadhani majibu yote mawili hayatetewi kwa hoja yoyote ya haki.

Wanaotetea mpango huu husema maumivu hayapimiki. Wangemuuliza daktari wa macho. Konea, kioo kile cha mbele ya jicho, ina mishipa ya fahamu mingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, ndiyo maana hata punje ya mchanga humnyima mtu usingizi. Chembe ikipenya ndani huenda ikaleta mtoto wa jicho, kubanduka kwa retina, au presha ya jicho inayojitokeza miaka kadhaa baadaye. Wakati mwingine jicho hung'olewa. Tena upo ugonjwa, adimu lakini unaofahamika vizuri, ambapo kinga ya mwili baada ya jeraha la jicho moja hugeuka na kulishambulia lile zima. Unaweza kuanza baada ya wiki chache au baada ya miaka. Majeruhi hubaki akiishi na hofu hiyo hata asipougua kamwe. Ongeza kutokadiria umbali wa kikombe mezani au wa gari barabarani, na macho ya watu yanayomkagua kila aingiapo mahali. Hakuna hata moja kati ya haya linaloongezeka mshahara unapoongezeka.

Mahakama za Kenya, kwa kweli, huyapima kila siku. Abiria wa matatu aliyeingiwa na kioo machoni hupimiwa kwa kulinganisha jeraha lake na majeraha ya kesi zilizotangulia, na Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza katika Butt dhidi ya Khan, mwaka 1981, kuwa haitaingilia kiasi kilichotolewa isipokuwa kiwe kikubwa au kidogo kupita kiasi, au kitokane na kanuni potofu. Ni kipimo cha kukadiria, wala hakuna anayedai vinginevyo. Ila asilimia 30 nayo ni makadirio. Tofauti ni kwamba imechapwa kwenye jedwali, na kilichochapwa huonekana kama sayansi.

Uingereza, ambako sehemu kubwa ya sheria yetu ya madhara ilitoka, haikumlazimisha mfanyakazi kuchagua. Mafao ya serikali kwa walioumia kazini yaliwekwa kwa sheria ya mwaka 1946, na haki ya kushtaki ikabaki. Jedwali lao linatofautisha mambo ambayo letu linayachanganya: kupoteza uoni wa jicho moja ni asilimia 30, kupoteza jicho lenyewe ni asilimia 40, ikiwa la pili ni zima. Letu linayapa yote mawili asilimia 30, kana kwamba kuvaa jicho la bandia si kitu. Muhimu zaidi, malipo yao hufuata asilimia ya ulemavu bila kujali mshahara. Fiqhi ya Kiislamu nayo, ambayo watu wa pwani wanaijua kuliko ninavyoijua mimi, hukadiria jicho moja kwa nusu ya dia, yaani fidia ya damu, bila kuuliza aliyeumia alikuwa akichuma kiasi gani.

Kesi ya Paris dhidi ya Halmashauri ya Stepney, iliyoamuliwa na Mabwana wa Bunge la Uingereza mwishoni mwa mwaka 1950, ilihusu hasa fundi wa gereji. Alikuwa chongo, na mwajiri alijua. Chembe ikaruka kutoka kwenye bolti aliyokuwa akiigonga, ikamharibia jicho lake zima. Majaji watatu kwa wawili walisema mwajiri alipaswa kumpa miwani ya kinga hata kama desturi ya kazi haikuwapa mafundi wengine, kwa sababu kwake madhara yangekuwa makubwa zaidi. Hoja hiyo ya kumtazama mtu huyu na jicho hili ndiyo inayokosekana kwenye jedwali. (Wanazuoni wa fiqhi nao walishaigusa: Wamaliki na Wahanbali humpa chongo dia kamili kwa jicho lake la pekee, ilhali Washafii na Wahanafi hubaki kwenye nusu.)

Utetezi mzito wa WIBA ni ule wa maafikiano. Mfanyakazi ameacha kesi, na badala yake analipwa bila kuthibitisha uzembe wala kungoja mahakama kwa miaka. Siudharau. Fundi ambaye shahidi wake pekee ni mwenzake anayeogopa kufukuzwa kazi hushindwa kesi mara nyingi. Tena maafikiano hayo yameshapimwa mahakamani: Mahakama Kuu ilivibatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hii mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikavirejesha vingi mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikahitimisha Desemba 2019 kwa kukiacha kifungu cha 16 kisimame. Lakini swali la Mahakama lilikuwa la katiba. Kuwa halali kikatiba hakuzuii kanuni iwe bahili, na maafikiano ambayo upande mmoja haukuulizwa kama unayataka hayana budi kukaguliwa upya.

Hayalazimu kuvunjwa, hata hivyo. Afrika Kusini inayo marufuku kama yetu, na Mahakama yake ya Katiba iliiidhinisha katika kesi ya Jooste mwaka 1998. Lakini kifungu cha 56 cha sheria yao kinamruhusu mfanyakazi kuomba nyongeza ikiwa aliumia kwa uzembe wa mwajiri. Kwetu ningependelea njia fupi zaidi: fungu la maumivu lililo sawa kwa kila mshahara, likipanda kwa aina ya jeraha, lilipwe bila kuthibitisha uzembe pamoja na miezi ile 28.8. Bima zitalalamika kuhusu gharama, na zitakuwa na haki ya kuuliza. Fungu hilo linahitaji Bunge. Kiwango cha chini cha fidia hakihitaji. Uwezo wa kukiweka umo tayari mikononi mwa waziri, na kingemwinua fundi wa shilingi 20,000 bila kumgusa meneja.